Valvano, Vitale na mfuko wa saratani ulioanzia kwenye meza ya watangazaji

Usiku wa tarehe 4 Machi 1993, katika Madison Square Garden jijini New York, mtangazaji Dick Vitale alimtambulisha rafiki yake mbele ya kamera za ESPN, kituo cha runinga cha michezo cha Marekani, kisha akamsaidia kupanda jukwaani. Rafiki huyo, Jim Valvano, alikuwa amebakiza siku sita kutimiza miaka 47. Saratani ilikuwa imeenea mwilini. Kwenye ndege ya kwenda New York alikuwa mgonjwa kiasi kwamba waliokuwa naye walitilia shaka kama ataweza hata kusimama. Alisimama, akazungumza kwa takriban dakika 11. Skrini ilipomwashia ishara kwamba zimebaki sekunde 30, aliwaambia watu wazi kwamba mwenye uvimbe mwili mzima hana haja ya kuiogopa saa. Kabla ya kushuka alitangaza kwamba, kwa msaada wa ESPN, unaanzishwa mfuko wa utafiti wa saratani. Akafafanua papo hapo kwamba msaada maana yake ni fedha zao.

Alifariki tarehe 28 Aprili mwaka huohuo, siku 55 baadaye. Mfuko alioutangaza, V Foundation, bado upo, na hadi sasa umetoa ruzuku za utafiti zinazozidi dola milioni 350. Ile hotuba hurudiwa kila mwaka na hupewa sifa zote. Kwa maoni yetu sifa hizo zimegawanywa vibaya. Hotuba ilifungua mlango, lakini kilichouweka wazi kwa zaidi ya miaka 30 ni maamuzi machache ya kiutawala ambayo hakuna mtu anayeyalilia machozi, pamoja na marafiki waliokubali kuomba fedha hadharani mwaka baada ya mwaka bila kuona haya.

Kwanza watu wenyewe. Valvano alikuwa kocha wa mpira wa kikapu kabla ya kuwa mtangazaji. Mwaka 1983 timu yake ya North Carolina State iliifunga Houston 54 kwa 52 katika fainali ya vyuo vikuu vya Marekani iliyochezwa Albuquerque, bao likipatikana sekunde za mwisho kwa Lorenzo Charles kuudaka mpira uliopungua na kuuzamisha kikapuni. Kuondoka kwake chuoni mwaka 1990 hakukuwa kwa heshima. Timu ilikuwa imeadhibiwa kwa sababu wachezaji waliuza viatu na tiketi walizopewa. ESPN na ABC zikampa kazi ya uchambuzi, na huko akafanya kazi bega kwa bega na Vitale, naye kocha wa zamani, aliyefukuzwa na Detroit Pistons, timu ya kikapu ya kulipwa, mwaka 1979 na kutangaza mechi yake ya kwanza ya ESPN tarehe 5 Desemba mwaka huohuo, kati ya DePaul na Wisconsin. Wote wawili Wamarekani wenye asili ya Italia, wote wasemaji, wote wameonja kupoteza kazi ya ukocha. Urafiki wao ulianza kabla mmoja hajamhitaji mwenzake.

Mike Krzyzewski, kocha wa Chuo Kikuu cha Duke, alikuwa mtani wa jadi kabisa wa Valvano. Walicheza dhidi ya kila mmoja wakiwa wanafunzi, Valvano akiwa Rutgers na Krzyzewski akiwa chuo cha jeshi, wakakutana tena kama makocha, Valvano wa chuo cha Iona na Krzyzewski wa chuo kilekile cha jeshi, kisha mwezi Machi 1980 wakahamia North Carolina wakipishana siku chache tu, vyuo vyao vikiwa umbali wa kilomita kama 40. Mashabiki wa Simba na Yanga wataelewa uzito wake mara moja. Valvano alipolazwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, mtani huyo ndiye aliyekuwa akimtembelea, na baadaye akaingia kwenye bodi ya mfuko. Bob Lloyd, aliyecheza naye Rutgers, akawa mwenyekiti wa bodi. John Saunders, mtangazaji mwenzao wa ESPN, alikuwa miongoni mwa wajumbe waanzilishi. Bodi hiyo Valvano aliikusanya mwenyewe, na aliowaita ni watu ambao wasingeweza kumkatalia.

Hapo pana nguvu na pana hatari. Marafiki hukubali haraka, hawadai posho, na hufungua milango ya wengine. Lakini marafiki hao ni makocha, watangazaji na wafanyabiashara, na hakuna hata mmoja kati yao awezaye kusoma ombi la ruzuku kuhusu mabadiliko ya jeni katika seli za limfu na kujua kama ni la maana au ni maneno matupu. Mifuko mingi ya kumbukumbu hufia hapa. Fedha zinakusanywa kwa machozi, halafu zinapelekwa kwa daktari aliyemtibu marehemu kwa sababu alikuwa mpole, au kwa hospitali ambayo familia inaifahamu. Nia ni njema, ila utafiti hauchaguliwi kwa upole wa daktari.

V Foundation ilitenganisha kazi hizo mbili tangu mwanzo. Bodi ya marafiki hutafuta fedha, kamati ya wanasayansi huamua ziende wapi. Kamati hiyo iliongozwa na Robert Bast, mtaalamu aliyewahi kuongoza kituo cha saratani cha Duke na ambaye jina lake limefungamana na CA-125, kipimo cha damu kinachotumika kufuatilia saratani ya ovari. Vituo vikubwa vya saratani hualikwa kupendekeza watafiti wao, na kila kituo kina ukomo wa majina. Maana yake mchujo wa kwanza unafanyika nyumbani kwao, bila kuugharimu mfuko, na wenzao hawatampendekeza mtu dhaifu kwa sababu wakifanya hivyo wanaipoteza nafasi. Baada ya hapo kamati husoma, hupanga kwa alama, na kutoa ushauri. Mtangazaji maarufu hana kura pale.

Ruzuku inayojulikana zaidi, V Scholar, hupewa watafiti walio katika miaka ya mwanzo ya ajira yao chuoni. Katika miaka ya 2010 ilikuwa dola 200,000 kwa miaka miwili. Baadaye ikapandishwa kufikia dola 600,000 kwa miaka mitatu. Kwa nini wachanga, badala ya magwiji? Serikali ya Marekani ndiyo mfadhili mkubwa wa utafiti wa tiba, na wakaguzi wake wanataka kuona takwimu za awali kabla ya kutoa fedha nyingi. Mtafiti mpya hana takwimu kwa sababu hana fedha, na hana fedha kwa sababu hana takwimu. Wastani wa umri wa kupata ruzuku kubwa ya kwanza ya serikali umekuwa zaidi ya miaka 40. Laki mbili za dola humlipa msaidizi mmoja au wawili wa maabara, panya wa majaribio, kemikali, na muda wa kutumia mashine ya kusoma vinasaba. Zikitumika vizuri zinatoa takwimu za awali, na takwimu hizo ndizo zinazomwezesha kuomba fedha za serikali zilizo mara kadhaa ya hizo. Mfuko mdogo ukishindana na serikali kwa ukubwa utashindwa. Ukikaa kwenye pengo ambalo serikali hailiangalii, dola yake moja inazaa nyingine.

Kuna pia ruzuku za kutoa ugunduzi maabara na kuufikisha kwa mgonjwa: kutengeneza dawa ya kujaribia, kuandaa majaribio ya awamu ya kwanza, kuhifadhi sampuli za uvimbe. Hizo huchelewa zaidi na hushindwa zaidi, na mchangiaji anapaswa kuambiwa hivyo bila kupakwa mafuta.

Suala la gharama ndilo tunaloliona kuwa moyo wa kisa chote. V Foundation huahidi kwamba kila dola inayochangwa moja kwa moja inakwenda kwenye utafiti wa saratani na programu zake, asilimia 100. Ahadi kama hiyo husikika kama uongo, kwa sababu ofisi ina kodi, ina umeme, ina wahasibu. Inawezekana kwa njia moja tu: gharama za uendeshaji zina chanzo chake tofauti. Mfuko una amana ya kudumu, fedha zilizowekezwa ambazo mtaji wake hauguswi, na mapato yake ndiyo yanayolipa mishahara na bili.

Kwa hesabu ya kwetu, chukulia ofisi ndogo inayotumia shilingi milioni 60 kwa mwaka. Ikiwa amana inaruhusu kutoa asilimia 5 kila mwaka, inahitajika shilingi bilioni 1.2 iliyokwisha kuwekezwa, na uwekezaji huo lazima ulete zaidi ya asilimia 5, vinginevyo mfumuko wa bei utaila amana kimyakimya. Asilimia 5 isipofikiwa kwa miaka miwili mfululizo, kishawishi cha kwanza cha viongozi ni kuchukua kidogo kutoka kwenye michango, “kwa muda tu.” Hapo ndipo ahadi inapovunjika. Kwa hiyo anayetaka kuiga asianze kwa kuahidi asilimia 100. Aanze na wadhamini wachache walioandikiwa barua wazi kwamba fedha zao ni za ofisi na hafla, aweke akaunti mbili tofauti, ajenge amana polepole, na ahadi aitangaze siku ambayo mkaguzi wa nje anaweza kuithibitisha.

Kuwapata wadhamini wa gharama ni kugumu kuliko kuwapata wachangiaji wa utafiti. Kila mtu anataka fedha yake imnunulie mtoto dawa, na hakuna anayetaka inunue karatasi za mashine ya kuchapia. Watu wa ndani ya mtandao wa marafiki ndio wanaoweza kuombwa jambo hilo lisilo na picha nzuri, na ndio maana bodi ya marafiki ilifaa kwa kazi hii hata kama haikufaa kuchagua sayansi.

Halafu kuna ratiba. Huzuni ya umma haidumu. Mtu maarufu anapofariki michango hupanda kwa wiki chache kisha hushuka ghafla, na mfuko uliotegemea wimbi hilo hujikuta na akaunti tupu kabla watafiti wake hawajamaliza mwaka wa kwanza. Kwa utafiti hilo ni balaa hasa, kwa sababu panya hawasubiri na msaidizi wa maabara asiyelipwa anaondoka na ujuzi wake. ESPN ililitatua kwa kitu ambacho yenyewe inakimiliki: ratiba ya vipindi. Mashindano ya kikapu ya vyuo ya Jimmy V Classic, yenye jina la Valvano, yalianza mwaka 1995, na kuanzia 2007 yakazungukwa na wiki nzima ya kampeni mapema Desemba. Hotuba hurudiwa, wachambuzi wanavaa beji, mnada wa vitu na matukio ya michezo hufunguliwa, anwani ya kuchangia inakaa kwenye skrini. Tarehe ipo kwenye kalenda ya kituo kama ilivyo mechi yenyewe, na hakuna anayehitaji kuomba upya kila mwaka.

Mpira wa kikapu wa vyuo unafaa mno kwa kazi hii. Mechi ya wanaume ni vipindi viwili vya dakika 20, mapumziko ya kati ni dakika 15, na kuna vituo vya mara kwa mara. Mtangazaji ana muda wa kusema sentensi tatu bila kumkatisha mtazamaji utamu wa mchezo. Soka haitoi nafasi hiyo, na mtangazaji wa soka akijaribu kuchangisha mpira ukiwa unachezwa atachukiwa. Kwa soka mahali pake ni kabla ya mechi na wakati wa mapumziko, na ombi liwe moja tu: namba moja ya kutuma fedha, isomwe polepole mara mbili, ibaki kwenye skrini wakati wote mtangazaji anaposema. Ukitoa namba tatu za mitandao mitatu na akaunti ya benki juu yake, watu watasubiri kupata kalamu na hawatarudi.

Vitale ndiye aliyeongeza tawi la pili. Tangu mwaka 2006 anaandaa hafla ya chakula cha jioni mwezi Mei huko Sarasota, Florida, fedha zake zikienda kwenye utafiti wa saratani za watoto pekee, kupitia V Foundation. Jumla yake imepita dola milioni 100. Kuchagua watoto hakukuwa kwa ajili ya huruma tu, ingawa huruma ipo na haifichwi. Saratani za watoto ni aina nyingi, kila moja ikiwa na wagonjwa wachache, hivyo kampuni za dawa hazioni soko. Vitale hurudia bila kuchoka kwamba ni takriban asilimia 4 tu ya fedha za taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani zinazoelekezwa kwa watoto. Pia sehemu ya tiba ya watoto ni dawa za watu wazima zilizopunguzwa kipimo, na mtoto anayepona anabaki na miaka 60 au 70 ya kuishi na madhara yake: moyo uliochoka, masikio yaliyopungua usikivu, uzazi ulioathirika. Tafiti za kupunguza sumu ya tiba zina maana kubwa kwao kuliko kwa mgonjwa wa miaka 75.

Katika hafla hiyo watoto wanaougua au waliopona hutambulishwa kwa majina na hushangiliwa kama kikosi cha wachezaji, na ruzuku hupewa majina ya watoto. Mchangiaji anaporudi mwaka unaofuata anaweza kuuliza, “Ruzuku ya yule mtoto imefikia wapi?” na lazima awepo mtu wa kumjibu. Huo ni uwajibikaji wa kweli, na unauma, kwa sababu mara nyingine jibu ni kwamba utafiti unaendelea lakini mtoto hayupo tena. Hafla kama hizi zina kasoro yake ya kifedha: ukumbi, chakula, ulinzi na burudani vinaweza kumeza sehemu kubwa ya mapato. Anayepima mafanikio kwa jumla ya fedha zilizoingia anajidanganya. Tarakimu ya kutangaza ni ile inayobaki baada ya kulipa ukumbi, na gharama za ukumbi ziwe na mdhamini wake kabla meza ya kwanza haijauzwa.

Mwaka 2021 ugonjwa ukamfikia Vitale mwenyewe. Kwanza melanoma, saratani ya ngozi. Miezi michache baadaye limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, ambayo mwanzoni ilidhaniwa kuwa saratani ya mirija ya nyongo. Novemba mwaka huo, akiwa katikati ya matibabu, alikaa kwenye meza ya utangazaji Las Vegas kwa mechi ya Gonzaga na UCLA na akalia hewani kabla mpira haujarushwa. Mwaka 2023 ikaja saratani ya nyuzi za sauti, iliyotibiwa kwa vipindi 35 vya mionzi. Mwaka 2024 ikaonekana kwenye tezi ya limfu shingoni, akapasuliwa. Tarehe 8 Februari 2025, akiwa na miaka 85, alirudi kutangaza Duke ikicheza na Clemson. Katika kipindi ambacho madaktari walimkataza kabisa kuongea, aliendelea kuandikia watu maombi ya michango. Mtu ambaye mtaji wake wote ni sauti alinyimwa sauti, na hafla haikukosa kufanyika, maana kufikia hapo ofisi ya mfuko ilikuwa imeshika uendeshaji.

Stuart Scott anastahili zaidi ya mistari michache. Aliingia ESPN mwaka 1993, mwaka uleule wa hotuba, na akabadilisha lugha ya utangazaji wa michezo kwa kuleta misemo ya vijana weusi wa Marekani kwenye kipindi cha taarifa. Mwaka 2007 aligundulika na saratani ya kidole tumbo. Alifanya mazoezi makali mara baada ya kupata tibakemia na akaendelea kutangaza. Julai 2014 alipokea tuzo yenye jina la Valvano, baada ya kupasuliwa mara nne ndani ya siku saba, na akasema jambo linalosahihisha lugha yote ya “kupigana”: kufa si kushindwa na saratani, na anayechoka ana haki ya kulala na kuwaachia wengine wampiganie. Alifariki tarehe 4 Januari 2015, akiwa na miaka 49. Ndani ya V Foundation ukaanzishwa mfuko wa jina lake unaoelekezwa kwenye tofauti za saratani miongoni mwa Wamarekani weusi na jamii nyingine zilizoachwa nyuma, na kwa watafiti watokao humo. Wanaume weusi wa Marekani hufa kwa saratani ya tezi dume kwa kiwango cha takriban mara mbili ya weupe, na mayeloma, saratani ya seli za uboho, huwapata weusi kwa kiwango cha takriban mara mbili ya weupe. Wasomaji wa Bomet na Eldoret, wanaoiona saratani ya umio ikichukua watu wa umri wa kati, wanaelewa maana ya ugonjwa kukosa mfadhili kwa sababu ya mahali unapoua.

Jambo moja la kitabibu hukosewa mara kwa mara katika kisa hiki. Husemwa kwamba Valvano alikufa kwa “saratani ya mifupa.” Alienda hospitali kwa maumivu ya mgongo mwaka 1992 na saratani ikaonekana mifupani, lakini ugonjwa wake ulikuwa adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye seli za tezi, iliyokwisha kusambaa. Saratani huitwa kwa jina la ilikoanzia, si ilikofika, na tiba hufuata jina hilo. Mtangazaji anayechangisha fedha awe na daktari wa kusoma maandishi yake kabla hayajaenda hewani, kwa sababu kosa lake litarudiwa na maelfu.

Jukwaani Valvano alisema utafiti huo huenda usiokoe maisha yake bali ya watoto wake. Mwaka 2005 mmoja wa mabinti zake aligundulika na saratani ya titi akiwa bado kijana. Alitibiwa akapona.

Upande wa Valvano umekwisha kuhama kutoka kwa watu kwenda kwenye taasisi. Kaka yake, Nick, aliuongoza mfuko kwa zaidi ya muongo mmoja, kisha uongozi ukaenda kwa wataalamu wasio wa familia, na fedha hazikupungua. Hafla ya Sarasota haijavuka mtihani huo. Wengi wa wanaonunua meza wananunua kwa sababu Vitale amewapigia simu mwenyewe, naye alizaliwa mwaka 1939. Orodha ya simu zake, nani alitoa kiasi gani na kwa sababu ya mtoto yupi, ni mali ya mfuko sawa na amana iliyoko benki, na inapaswa kuandikwa, na kukabidhiwa kwa watu wawili au watatu ambao wachangiaji wameshazoea kusikia sauti zao.